Fedha za Mchezo na Fedha za Watu

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: mtu aliyeshinda mashindano ya kuigiza biashara ya hisa amethibitisha nini? Sisemi kwamba hakuthibitisha chochote. Nauliza ni nini hasa alichothibitisha, kwa sababu jibu lake linatuhusu sisi wanafunzi zaidi ya tunavyodhani, na katika kikundi ninachoshiriki limekwisha kuwa jambo la kubishania hadi usiku.

Mashindano haya yamezoeleka katika Afrika Mashariki. Soko la Hisa la Nairobi limekuwa na yake kwa ajili ya vijana, Soko la Hisa la Dar es Salaam limewashindanisha wanafunzi wa vyuo, na chuoni kwetu hapa Kampala tulikuwa na madogo yetu wenyewe. Utaratibu hautofautiani sana. Unajiandikisha, unapewa mtaji wa mchezo, unanunua na kuuza hisa za kampuni halisi kwa bei halisi za siku hiyo, na kila jioni inatolewa orodha ya nani yuko juu na nani yuko chini. Mwishoni waliopata faida kubwa kuliko wengine hupewa zawadi. Fedha tu ndizo za mchezo. Mengine yote, tunaambiwa, ni ya kweli.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenigusa. Kikundi chetu cha akiba kina wanachama 24. Kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 10,000 za Uganda, na baada ya wiki 20 tunakuwa na shilingi 4,800,000. Kwa kawaida tunagawana kabla ya mitihani, na wengi hulipia ada iliyobaki au kodi ya hosteli. Mwaka huu mwenzetu mmoja aliibuka wa kwanza katika mashindano ya chuo. Kwa wiki sita aliukuza mtaji wake wa mchezo kwa karibu theluthi moja. Basi likatolewa pendekezo kwamba tusigawane. Tumkabidhi yeye fedha zote azizungushe katika soko la hisa kwa mwaka mzima. Wengi walipiga makofi. Mimi ni rafiki yake, tena ni yeye aliyenifundisha kusoma hesabu za kampuni, lakini sikupiga makofi.

Mwaka 1781 Immanuel Kant, alipokuwa akipinga hoja moja ya zamani ya kuthibitisha kuwapo kwa Mungu, alitoa mfano wa taleri 100. Taleri ilikuwa sarafu ya fedha ya Wajerumani. (Ndugu yake, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ilitumika sana Zanzibar katika karne ya 19, kwa hiyo mfano huu hauko mbali na pwani yetu kama unavyosikika.) Kant alisema kwamba taleri 100 halisi hazina hata kidogo zaidi ya taleri 100 za kufikirika. Ukizihesabu ni zilezile. Lakini katika hali ya mali yangu, alisema, kuna tofauti kubwa kati ya kuwa nazo na kuzifikiria tu.

Walimu wa falsafa hutumia mfano huu kueleza kwamba kuwapo si sifa inayoongezwa juu ya sifa nyingine za kitu. Mimi naona unayaeleza mashindano yetu vizuri zaidi ya maelezo yoyote niliyosikia kwa watu wa uchumi. Milioni kumi za mchezo na milioni kumi halisi zina hesabu moja. Bei ikishuka kwa asilimia 10, zote mbili zinapoteza milioni moja. Kwa hiyo anayeyadharau mashindano kwa kusema kwamba namba zake ni za uongo amekosea, kwani namba ni za kweli kabisa. Tofauti haimo ndani ya namba. Imo katika hali ya yule aliye nazo, na ndipo kazi ya kufikiri inapoanza: hali ipi?

Jibu la haraka ni maumivu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fedha usiyoipoteza hujui uchungu wake. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba kupoteza kiasi fulani humuumiza mtu kuliko kupata kiasi hichohicho kunavyomfurahisha. Mtu anayeumwa namna hiyo hufanya mambo ambayo katika mchezo hayafanyi: huing'ang'ania hisa inayoshuka akingoja irudi pale alipoinunulia, na huuza mapema ile inayopanda asije akapokonywa faida yake.

Hilo ni kweli, lakini nadhani halifiki mbali. Kama tofauti ingekuwa maumivu tu, tungeweza kuyaongeza maumivu katika mchezo. Tuseme tumeweka sheria kwamba atakayeshika mkia atawafulia nguo washindani wenzake kwa mwezi mzima. Hapo mashindano yatauma, tena sana. Je, yamekuwa biashara ya kweli? Hayajawa. Ni mchezo wenye adhabu. Kuna kitu kingine kinachokosekana.

Kinachokosekana, nionavyo mimi, ni kwamba fedha za mchezo hazikutoka popote. Kabla ya kuonekana katika akaunti yako hazikuwa kitu kingine. Hakuna aliyelala njaa ili wewe upewe, wala hakuna kilichoachwa kununuliwa. Na mchezo ukiisha haziendi popote pia. Sasa ziangalie zile shilingi 10,000 za wiki. Mwanachama mmoja hutumiwa na mama yake kwa simu kila Ijumaa. Mama huyo anauza ndizi sokoni Masaka. Mwingine huzipata kwa kuchapa kazi za wenzake. Na kabla hazijafika kwetu zina mahali zinapongojwa: ada, kodi, nauli ya kurudi nyumbani Desemba. Fedha halisi iko safarini sikuzote, kutoka kwa aliyetoa jasho kwenda kwenye haja inayoingoja. Anayefanya biashara nayo ameisimamisha njiani, na ana deni la maelezo kwa pande zote mbili.

Si maneno ya huruma tu haya. Asili ya fedha hubadilisha hata kile unachoweza kufanya sokoni. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa za Safaricom kwa umma, kila moja shilingi 5 za Kenya. Watu walijipanga foleni, na wengi walikopa benki ili wanunue. Maombi yalikuwa mengi kuliko hisa zilizokuwapo, hivyo waombaji walipata pungufu ya walichoomba, na aliyekopa alijikuta analipa riba hata kwa fedha ambazo hazikununua kitu. Siku ya kwanza sokoni, tarehe 9 Juni, bei ilipita shilingi 7. Haikudumu. Ilishuka, ikaenda chini ya zile 5 za mwanzo, na ikakaa huko kwa muda mrefu.

Hebu wafikirie watu wawili walioshika hisa hiyo kwa idadi moja na bei moja. Mmoja aliinunua kwa akiba ambayo hakuihitaji kwa miaka 10. Aliingoja, na mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40. Mwingine aliinunua kwa mkopo wa benki. Yeye hakuweza kungoja, maana benki haikungoja, akauza kwa hasara. Tukisema wa kwanza alikuwa mvumilivu na wa pili hakuwa, tunamwonea wa pili. Uvumilivu ule ulikuwa wa fedha yenyewe kabla haujawa wa mtu. Katika mashindano tofauti hii haionekani hata kidogo, kwa sababu washindani wote wamepewa fedha zisizodaiwa na mtu.

Hapo inabidi nitenganishe mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: mchezo na mashindano. Si lazima yaende pamoja. Nchini Marekani kuna mashindano ambayo watu huingia na fedha zao halisi. Mwaka 1987 Larry Williams alianza na dola 10,000 na baada ya miezi 12 alikuwa na zaidi ya dola 1,100,000. Fedha zilikuwa halisi, lakini bado yalikuwa mashindano, na mashindano yana tabia yake. Yanatazama nafasi yako katika orodha. Ukubwa wa faida si kitu ikiwa mwenzako amekupita. Ikiwa washindani ni 200 na zawadi ni tatu, aliyeshika nafasi ya 4 na aliyeshika nafasi ya 200 wanarudi nyumbani mikono mitupu sawasawa. Mwenye akili atafanya nini? Ataweka kila kitu kwenye hisa moja inayoyumba, kwa sababu kuanguka hakumpunguzii chochote na kupanda kunaweza kumfikisha juu.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua wanafunzi 200 wasiojua lolote kuhusu soko. Kila wiki kila mmoja arushe sarafu juu, na kwa jinsi itakavyoanguka aweke fedha zake zote upande wa kupanda au wa kushuka. Wiki ya kwanza watapatia kama 100. Ya pili, 50 kati yao. Ya tatu 25, ya nne 12 au 13, ya tano 6, ya sita 3. Kwa hiyo baada ya wiki sita tutakuwa na watu watatu hivi ambao hawakukosea hata mara moja, na idadi hiyo inatosha kabisa kwa zawadi tatu. Watapigwa picha, na wataulizwa siri ya mafanikio yao. Nina hakika watakuwa na siri za kutosha za kutueleza.

Simaanishi kwamba rafiki yangu alirusha sarafu. Anajua gawio ni nini na kwa nini bei hushuka kidogo likishagawiwa. Anasoma taarifa za fedha za benki mpaka kurasa za nyuma ambazo wengine hatufungui. Hayo aliyajifunza kwa sababu ya mashindano, na ni elimu halali. Ninachosema ni kwamba ushindi wake hauwezi kututofautishia elimu hiyo na bahati. Kwa wiki mbili nzima aliweka mtaji wote kwenye kampuni moja. Katika mashindano ulikuwa uamuzi sahihi kabisa. Kwa fedha za wanachama 24 ungekuwa wazimu.

Waliompigia makofi walitumia neno moja mara nyingi: ujasiri. Ana ujasiri, walisema, hatetemeki. Neno hilo Aristotle alilichunguza katika kile kitabu cha maadili kinachoitwa kwa jina la Nikomako, na alihesabu hali tano zinazofanana na ujasiri lakini si ujasiri. Mojawapo ni ya watu wasioijua hatari. Anawataja wapiganaji wa Argos waliowakabili Wasparta wakidhani ni watu wa Sicyon. Walisimama imara mpaka walipogundua wanapigana na nani, kisha wakakimbia.

Lakini mfano huo haumfai mshindani wetu moja kwa moja, na tofauti yake ni muhimu. Watu wa Argos walikosea kuhusu adui. Mshindani hajakosea, anajua fika kwamba mbele yake hakuna Sparta. Hatetemeki kwa sababu hakuna cha kutetemekea. Kwa hiyo si sahihi kumwita jasiri wala kumwita mwoga. Ni kama kumsifu mtu kwa kutoiba katika nyumba isiyo na kitu. Na kama ni kweli, anavyosema Aristotle huyohuyo, kwamba tunakuwa wajasiri kwa kutenda matendo ya ujasiri mara kwa mara, basi wiki sita za kutupa kila kitu upande mmoja bila hofu nazo zinajenga mazoea. Mkono hujifunza kabla mwenyewe hajatambua.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likitajwa. Katika mchezo, ninapouza hisa, hakuna anayenunua. Nabonyeza, na hisa inaondoka kwa bei iliyoandikwa. Katika soko halisi la Kampala unaweza kukaa siku kadhaa ukimngoja mnunuzi, kwa sababu wanaouza na kununua si wengi, na bei uliyoiona jana huenda leo hakuna anayeitoa. Watu wa fedha hulichukulia hilo kama usumbufu. Mimi naliona kuwa suala la maadili: ukiuza, umemuuzia mtu. Kama nimeuza kwa sababu nimejua kampuni inayumba, kuna mtu Jinja au Mbarara aliyenunua wasiwasi wangu bila kuujua. Sheria itaniruhusu mradi habari niliyo nayo ni ya wazi kwa wote. Hata hivyo ni lazima niamue kama naridhika nalo. Mchezo hauwezi kuniuliza swali hilo, kwa sababu ndani yake siwezi kumdhulumu mtu hata nikitaka. Mahali ambapo huwezi kudhulumu, huwezi pia kuonyesha kwamba wewe ni mwadilifu.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani nasema hivi: kwenye mchezo hakuna maadili, kwenye fedha halisi yapo. Ingekuwa rahisi hivyo ningefurahi. Benki ya Barings ilianzishwa London mwaka 1762. Mwaka 1995 iliangushwa na mfanyakazi wake mmoja huko Singapore, Nick Leeson, aliyekuwa akificha hasara katika akaunti namba 88888. Kadiri hasara ilivyokua ndivyo alivyoongeza dau ili airudishe. Ilipofichuka mwezi Februari, ilikuwa imepita pauni milioni 800, na benki ile kongwe ikanunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni 1.

Kila pauni katika akaunti ile ilikuwa halisi. Ilikuwa na mwenyewe mahali fulani, na ilikuwa inangojwa. Lakini wenyewe hawakuwa Singapore, na hawakujua. Kwa aliyekaa mbele ya kioo, ninavyoielewa habari hii, pauni zilikuwa zimebaki namba za kurudisha juu, kama pointi za mchezaji aliyebaki nyuma wakati muda unaisha. Kumbe fedha halisi inaweza kugeuka ya mchezo ikiwa mikononi mwa mtu asiyeibeba. Mstari ninaoutafuta haupiti kati ya akaunti ya majaribio na akaunti ya kweli. Unapita kati ya anayewaona wenye fedha na asiyewaona.

Ndiyo maana pendekezo la kikundi chetu linanitia hofu kuliko kama rafiki yangu angeingia sokoni na akiba yake peke yake. Akipoteza yake, atajifunza kunguni wa kitanda kile. Tukimpa zetu, anaweza kuendelea na mashindano yaleyale bila kugundua kwamba yamekwisha. Mtaji umetoka mahali pengine tena, hasara inakwenda mahali pengine tena, na juu yake kuna watu 23 wanaotazama orodha kila jioni wakitaka kumwona anapanda. Tutakuwa tumemwekea mazingira yote ya kumfanya atusahau, halafu tumlaumu kwa kutusahau.

Nilimweleza haya yote. Hakukasirika, na alinijibu kwa hoja ambayo bado sijaimaliza. Alisema: kwa maneno yako hakuna mtu awezaye kuanza. Daktari alijifunza kwenye mwili wa mtu, dereva alijifunza kwenye barabara yenye watu. Kila fundi alikuwa na siku ya kwanza ya kushika kitu cha mwenzake. Kama mchezo hauthibitishi, na fedha za watu hamnipi, nitathibitisha wapi?

Ni kweli. Lakini daktari mwanafunzi husimama karibu na mkubwa wake anayeweza kumshika mkono, na mgonjwa huambiwa. Kwa hiyo nimependekeza kwa kikundi tumpe shilingi 200,000, si 4,800,000, na zinazobaki tugawane kabla ya mitihani kama kawaida. Ziwe fedha ambazo kila mwanachama amesema kwa kinywa chake, mbele yake, kwamba yuko tayari azikose, na aseme vilevile alikuwa amepanga kuzifanyia nini. Ununuzi wowote utiwe saini na watu wawili. Orodha ya kila jioni isiwepo. Atueleze mara moja kwa mwezi, ana kwa ana.

Wengine wanaona namfunga miguu bingwa. Yeye mwenyewe hajakataa, ila anasema kwa shilingi 200,000 faida haitaonekana, kwa sababu wakala atachukua ada yake kwanza na kitakachobaki hakitamshawishi mtu. Hapo hakosei. Yule mwanachama anayetumiwa na mama yake amesema atachangia shilingi 5,000 na hataongeza. Wawili wamesema hawatoi kitu. Mkutano ni Jumamosi.